Kigae cha Tausi

Mpaka leo, nikiingia choo cha mtu, huutazama ukuta kabla sijatazama ninapokanyaga. Nimelala katika nyumba nyingi: kambi za mkonge, vyumba vya kupanga Tanga na Mombasa, mahema ya watengeneza barabara kule Lugoba. Kote nimekwenda na tabia hii. Nikiona vigae, mkono huenda wenyewe. Nagonga kwa kifundo cha kidole, nasikiliza. Kigae kilichoshika hujibu kwa sauti fupi na nzito. Kilichoachana na ukuta hulia kama kibuyu kitupu. Nikisikia kibuyu hutoka upesi, kana kwamba nitalaumiwa mimi.

Woga huo niliupata Bagamoyo, miaka ya sabini ikianza, katika nyumba aliyokuwa akiishi shangazi yangu.

Shangazi ndiye aliyenilea. Mama alifariki nikiwa sijajua kumwita, na baba alikuwa mtu wa kuja na kuondoka. Tabia hiyo nadhani ndiyo urithi pekee alioniachia. Shangazi alikuwa amepanga vyumba viwili vya nyuma katika nyumba kuukuu ya mawe. Mbele palikuwa na duka la nguo la mwenye nyumba, Mhindi aliyezaliwa mtaa uleule, aliyecheza mchangani na shangazi wakiwa watoto. Kati ya mbele na nyuma palikuwa na ua, na pembeni mwa ua ndipo kilipokuwa choo, ambamo pia tulioga.

Choo hicho kilikuwa na kuta tatu za chokaa na ukuta mmoja wa vigae. Vigae vyeupe, vyenye ukingo wa buluu mwembamba kama uzi. Na katikati yao, kimo cha kiuno cha mtu mzima, kigae kimoja tu chenye picha ya tausi, mkia umekunjuka hadi pembeni. Baba yake mwenye nyumba alivileta kutoka Bombay kwa ajili ya mkewe, enzi ambazo familia yao ndiyo iliyokaa nyuma. Kwa nini tausi alikuwa mmoja hakuna aliyejua. Pengine alipakiwa kwa makosa. Mama yake mwenye nyumba alimpenda kuliko vyote vilivyokuwamo ndani, na alipofariki, mwanawe hakuruhusu hata msumari wa kutundikia taulo upigwe kwenye ukuta ule.

Shangazi alikuwa mcha Mungu, na kila alipotia udhu alimpa tausi kisogo.

"Ndege wako huyu, bhai, ananitazama tangu ujana wangu," alikuwa akimwambia mwenye nyumba. "Ningekuwa sina haya ningemdai mahari."

"Mdai tu, dada. Mshahara wake uko kwangu, na mimi simlipi."

Lakini mle chooni hakuna aliyesema neno. Watu wa pwani wananielewa. Kwa wengine nitaeleza. Chooni huingia kwa mguu wa kushoto, hutoka kwa wa kulia, na ukiwa humo huimbi, hupigi mluzi, husemi, wala aliye nje hakusemeshi. Shangazi alisema si sisi peke yetu tunaokaa mle. Nikiwa mdogo nilipiga mluzi mara moja, nikachapwa kofi lililonifanya niogope choo kile hata mchana. Basi, mtu akikaribia mlango hukohoa. Kama ndani kuna mtu, naye hukohoa. Hayo ndiyo mazungumzo yote. Nilijua kukohoa kwa adabu kabla sijajua kusoma.

Siku aliyoanguka shangazi, nilikuwa nimerudi jana yake kutoka Lugoba. Nilikuwa uani nafua shati. Nikasikia kopo likigonga sakafu, likabingirika, likatulia. Nikangoja nimsikie akiliokota. Sikusikia. Nikaenda mlangoni nikakohoa. Kimya. Nikakohoa tena, kwa nguvu, hadi koo likauma. Kimya.

Sijui nilisimama pale kwa muda gani. Nilikuwa mtu mzima, niliyevunja mawe kwa baruti barabarani, lakini mkono ulikataa kusukuma mlango wa choo alimo shangazi yangu. Nilipousukuma hatimaye, nilimkuta amelala ubavu chini ya tausi, khanga imelowa, macho wazi. Aliponiona alitikisa kichwa na kuweka kidole midomoni. Nikambeba. Nilipovuka kizingiti naye, ndipo alipopiga ukelele uliowatoa watu madukani. Alikuwa ameuzuia muda wote ule.

Alirudi kutoka hospitali akiwa na fimbo na nyonga isiyokunjika. Kuchuchumaa ikawa basi. Kila alipohitaji kwenda, ilibidi jirani mmoja wa kike aje amshike, na shangazi alianza kunywa maji kidogo mno ili asimsumbue. Midomo ikamkauka. Mwana wa shangazi, aliyekuwa na kazi ya ofisini Dar es Salaam, akaja na uamuzi wake tayari. Angemchukua akakae kwake, ghorofani, ambako kuna choo cha kukaa na bomba ndani kwa ndani.

"Nikitoka nyumba hii sirudi," shangazi alisema. "Nikae huko juu kama njiwa tunduni, nisimjue hata mtu wa kumwamkia?"

Mwanawe hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na hofu tu, kama mimi. Alifikiri, akasema, "Basi, mama. Ijumaa ijayo nakuja na gari, baada ya sala. Ukiweza kwenda chooni mwenyewe na kurudi mwenyewe, bila kushikwa na mtu, nitakuacha. Usipoweza, naondoka na wewe."

Shangazi akanitazama mimi. Nilijua alichokuwa akiwaza. Kabla ya Lugoba nilikuwa nimefanya kazi ya mabomba kwenye hoteli moja iliyokuwa ikijengwa ufukweni, kaskazini ya Dar. Nilimtumia khanga mbili kutoka kule, na maringo mengi. Nilimwambia naweza kufunga choo cha Kizungu nikiwa nimefumba macho.

Sasa ilikuwa zamu ya kufumbua. Kiti cha choo nilikipata, kimechubuka ukingoni, kutoka kwenye nyumba iliyovunjwa. Bomba la chuma la kutengenezea kishikio nalo nikalipata, nikalikunja, nikaliunganisha na sahani mbili za chuma zenye matundu ya skrubu. Kuta za chokaa zilikuwa zimeliwa na chumvi; ukizigusa zinamwaga unga. Ukuta uliokuwa mgumu wa kutosha kubeba uzito wa mtu, na uliokuwa upande wa mkono wenye nguvu wa shangazi, ulikuwa mmoja tu, wa vigae.

Kule hotelini nilikuwa nimekata vigae vingi. Lakini vilikuwa vipya, viko chini, na maboksi yamejaa. Kikipasuka unakitupa, unachukua kingine. Sikuwahi kukata kigae kilichokwisha kaa ukutani maisha ya mtu mzima, ambacho hakina mwenzake duniani.

Nikaenda dukani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kununua, au umeniletea habari mbaya?"

"Nataka kutoboa ukuta wa chooni."

"Ukuta gani?"

"Wa vigae."

Aliweka chini kipimo chake cha yadi. "Toboa kichwa changu kwanza. Kichwa kina mfupa, kitaunga."

Nikamweleza habari ya Ijumaa. Alikuwa akiijua, mtaa mzima ulikuwa ukiijua. Alikaa akikunja kitambaa ambacho kilikuwa kimekunjwa tayari.

"Nikiwa mdogo," alisema, "sebuleni mbele palikuwa na ukuta kama ule. Fundi mmoja aling'oa kigae kimoja, kimoja tu, atie swichi ya taa. Jioni tukasikia kishindo. Vyote chini. Mama aliokota vipande siku nzima, hataki msaada. Ile chokaa ya zamani inashikana kama watu wanaovuka mto. Mmoja akiteleza, wamekwisha." Akakikunjua kitambaa. "Dada yangu yule namtaka abaki. Na mama yangu namtaka abaki. Toboa. Lakini kikipasuka hata kimoja, unasimama palepale. Unachukua vyuma vyako, na Ijumaa itakuwa kama Mungu atakavyo."

Nikasema nimekubali.

Mwenzangu katika kazi alikuwa jirani yetu, mzee aliyekuwa fundi wa kuunda vyombo vya baharini kule Mlingotini hadi macho yalipodhoofu. Nilimhitaji kwa sababu ya keke yake, ile ya kupekecha kwa mkono, na kwa sababu hakuna aliyejua kuingiza kigingi kwenye tundu kama yeye. Alichonga vigingi vya mkoko, akaviloweka kwenye ndoo.

"Chomboni tunapigilia kikavu, kivimbe baharini," alisema. "Hapa kikivimba ndani ya kigae, tumekwisha. Kinywe kwanza, kishibe, ndipo kiingie."

Nami nilichukua tupa ya pembe tatu, nikainoa ncha juu ya jiwe hadi ikawa kama mkuki mdogo. Hiyo ndiyo iliyokuwa ya kutoboa uso wa kigae, ule uso wa kioo. Ukiupiga kwa patasi, unapasuka. Unatakiwa kuukwaruza, kuupekecha polepole, maji yakidondoka, hadi uingie kwenye udongo wake, kisha kwenye chokaa, kisha kwenye jiwe.

Palikuwa na hofu nyingine. Bomba kuukuu la maji lilipita ndani ya ukuta ule, na hakuna aliyekumbuka linapita wapi. Nyuma ya ukuta palikuwa na stoo ya duka, na huko plasta ilikuwa imebanduka. Bomba lilionekana hapa, likajificha pale. Tukapatana. Mzee angekaa stoo, kiganja chake ukutani, akisikiliza ncha inavyokuja. Akihisi inaelekea bombani, au ukuta unatuna, atanisimamisha.

"Utanisimamishaje?" nikauliza. "Nitakuwa ndani ya choo."

Alinitazama kama niliyeuliza jua linatokea wapi. "Nitakohoa."

Nilianza na tundu la bomba jipya la kuleta maji kwenye kiti cha choo, chini, mahali ambapo pembe za vigae vinne zilikutana. Hapo kila kimoja kingepoteza kipande kidogo cha pembe, na hakuna ambacho kingetobolewa tumboni. Niliingia kwa mguu wa kushoto. Nilifinyanga kikuta cha udongo chini ya alama ili maji yasikimbie. Nikaweka ncha. Sauti ya kwanza ya tupa juu ya kigae ilinipita menoni. Jasho likaniingia machoni, na sikuthubutu kulifuta. Nilikuwa nikizungusha keke robo, natulia, nasikiliza, robo, natulia. Mara tatu nne nilidhani nimesikia ufa, kumbe ni pumzi yangu.

Kisha sauti ikabadilika. Kukwaruza kukawa kusaga. Ncha ilikuwa imevuka kioo. Nilipofika kwenye jiwe mzee akakohoa; nikaacha, nikasogeza kidogo, nikaendelea, tukapita salama. Nilitoka uani nikakaa chini.

"Umemaliza?" shangazi akauliza kutoka dirishani.

"Nimeanza."

"Basi mbona umekaa kama mfiwa?"

Siku ya pili ilikuwa ya kishikio. Nilikuwa nimepima usiku kichwani mwangu: ningeweka sahani zote mbili kwenye maungio, kama lile tundu. Mzee akanikatalia.

"Mashua unaipima kwa bahari, si kwa mbao ulizonazo. Mlete mwenyewe. Tuone mkono wake unakwenda wapi."

Tukambeba shangazi kwenye kiti hadi chooni, tukamkalisha mahali kiti cha choo kitakapokuwa. Nilimpaka kiganja masizi ya chini ya sufuria. Mzee akamwelekeza kwa ishara: inuka. Akajaribu kuinuka. Nyonga ikamkatalia, akayumba, na mkono ukaruka wenyewe ukaushika ukuta. Tulipoutoa, palikuwa na kiganja cheusi, vidole vyote vitano, juu ya tausi.

Wakati huo mwenye nyumba alikohoa, akachungulia. Aliona. Mdomo ukafunguka. Lakini alikuwa mtu aliyelelewa uani kwetu. Alifunga mdomo, akageuka, akakimbia hadi chini ya kamba ya nguo, na hapo ndipo akapiga kelele.

"Masizi! Masizi juu ya tausi wa mama!"

"Yanaoshwa, bhai," shangazi alisema tulipomtoa.

"Na tundu nalo linaoshwa? Sogezeni! Shubiri moja tu kushoto!"

"Mkono unakwenda unakokwenda. Ukianguka huchagui pa kushika."

"Dada, ukuta mzima, na wewe unamshika yeye?"

"Si uliniambia nimdai? Nimekwenda kudai."

Mzee wa keke alicheka, peke yake. Mwenye nyumba alizunguka ua, mikono nyuma. Kisha alikuja karibu yangu, akasema chini chini, asisikike dirishani, "Mtoboe mkiani. Usimguse kichwa. Usimguse macho." Akaenda zake dukani, akisema hawezi kuwa karibu.

Nililaza sahani ya chuma hivi na hivi hadi tundu moja la skrubu likaangukia mkiani mwa tausi, karibu na ukingo kuliko nilivyopenda. Matundu mengine yaliangukia vigae vya jirani. Hayo niliyatoboa kwanza, moja baada ya moja, nikijiambia kwamba najizoeza. Nilikuwa najichelewesha. Kila tundu lililofaulu lilinizidishia hofu badala ya kuipunguza, maana nilihisi bahati yangu inamalizika kama maji ndani ya kopo.

Nikamfikia tausi. Nilimfuta masizi, nikabakiza alama ya kidole kimoja. Nikaweka ncha. Upande wa pili wa ukuta nilijua kiganja cha mzee kimelala pale, na hilo lilinituliza kidogo. Nikazungusha robo. Unga mweupe ukatoka, halafu wa buluu. Ilikuwa rangi ya mkia. Robo nyingine. Nikahisi ncha inang'ata, inakaribia kuvuka ule uso wa kioo, mahali ambapo mkono hautakiwi kufanya lolote isipokuwa kuendelea vilevile.

Mtu akakohoa.

Niliivuta keke. Sikufikiri, mwili ulifikiri. Ncha ilikuwa bado imeshikwa, ikakwama pembeni, ikapiga ukingo wa tundu. Nikasikia mlio mdogo, mdogo kuliko wa ganda la bamia likipasuka juani.

Ufa ulikuwa kama unywele. Ulitoka kwenye tundu, ukapita mkiani, ukaishia ukingoni.

Nilibaki nimeuangalia. Nilitamani ungekuwa unywele kweli. Nikaupitisha kidole, haukuondoka. Mlango ukafunguka taratibu na mwenye nyumba akaingia, kwa mguu wa kushoto, na nyuma yake akaja mzee kutoka stoo, kuona kwa nini nimeacha. Tukasimama watatu katika choo kile chembamba, mabega yanagusana, macho kwenye kigae, na hakuna aliyeweza kusema. Nilisikia maji yakidondoka kutoka kwenye udongo. Nilisikia mate yakishuka kooni mwa mwenye nyumba. Aliinama, akauweka ukucha wake kwenye ufa, akaufuata kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha akaurudia. Nilimwona shangazi tayari yumo garini, furushi mapajani. Ningepewa ruhusa ya kupiga kelele wakati ule, ningepiga.

Akatoka. Tukamfuata uani.

"Mimi sikukohoa," mzee akasema. "Ncha ilikuwa mbali na bomba. Nani aliyekohoa?"

Mwenye nyumba alikuwa akiangalia viatu vyake.

"Nilishindwa kukaa dukani," alisema mwishowe. "Nikaja. Nimefika mlangoni... mtu anafika mlango wa choo bila kukohoa?"

"Hafiki," mzee akasema.

"Mama angenichapa."

"Angekuchapa, ndiyo."

Nilikuwa nimekwisha anza kukusanya vifaa. Ahadi ilikuwa ahadi. Nilikuwa natia tupa kwenye gunia dirisha la shangazi lilipofunguka.

"Mbona kimya? Kimepasuka?"

Tukamtazama mwenye nyumba. Yeye alitazama dirisha, na mkono ulioshika nondo za dirisha, bado una masizi kwenye mistari ya kiganja. Nilihesabu ndani ya moyo wangu kila kitu ambacho angeweza kusema, na vyote vilikuwa na gari ndani yake.

"Hakuna kitu, dada," akasema. "Vumbi tu limeniingia kooni. Wanaendelea."

Dirisha likafungwa. Alinigeukia. "Ukimaliza, usiniite kuona."

Ruhusa ile haikunipunguzia hofu; iliihamisha. Sasa skrubu mojawapo iliyopaswa kumbeba shangazi ilikuwa inakaa kwenye mdomo wa ufa. Mzee alitwanga deheni yake ya chomboni, chokaa na mafuta, akaupaka ufa ili usinywe maji, kwa kidole kimoja, kama anayempaka mtoto wanja. Tukatia vigingi, tukakaza skrubu kwa zamu, kila moja kidogo. Ya tausi tuliikaza mwisho, na tuliiacha kabla haijataka kuachwa.

Kiti cha choo tulikwisha kukifunga; ilibaki kujaribu kishikio. Nilikishika kwa mkono mmoja, nikavuta. Nikavuta zaidi. Nikahisi, au nilidhani nahisi, kitu kinalia mle ndani, nikaachia haraka. Mzee aliniashiria nining'inie mzima mzima. Nikakataa kwa kichwa. Nikining'inia na kikang'oka, tumekosa. Nisiponing'inia, atakayejaribu ni shangazi. Nilijua jambo la haki ni lipi, na mikono haikulitaka. Nilitoka kwa mguu wa kulia nikafunga mlango.

Ijumaa mwana wa shangazi alikuja na gari la kuazima. Alikuwa na haraka ya mtu aliyeogopa kubadili mawazo. Furushi la nguo za shangazi, alilokuwa ameagiza lifungwe tangu asubuhi, alilipakia kabisa, "ili tusihangaike baadaye." Mzee alikuja kutoka msikitini na kanzu yake. Mwenye nyumba alifunga duka, jambo ambalo hakulifanya hata kwenye harusi za watu.

Shangazi alitoka chumbani amevaa khanga mpya. Alikataa mkono wangu. Fimbo, mguu, fimbo, mguu, akavuka ua bila kututazama. Mlangoni alisimama, akasema dua yake kimoyomoyo, akaingia kwa mguu wa kushoto. Mlango ukafungwa.

Tulisikia fimbo ikiegemezwa ukutani. Tukasikia khanga. Baadaye maji yalishuka, kwa kishindo kile kigeni cha choo cha kukaa, na mwenye nyumba akashtuka. Kisha tukasikia chuma kikilia, alikuwa ameshika. Ndipo nikasikia ule mlio. Mdogo. Wa ganda la bamia.

Baada ya hapo, kimya.

Nilimtazama mzee, naye alinitazama, alikuwa ameusikia. Niliona kopo likibingirika sakafuni ingawa hakuna kopo lililobingirika.

"Ma—" mwanawe alianza.

Mzee akamshika mkono. "Hasemeshwi mtu aliye chooni."

"Na kama ameanguka?"

Swali lile tulikuwa nalo sote. Nilisogea mlangoni nikataka kukohoa, kama siku ile. Nilifungua mdomo ikatoka hewa tupu. Nikajaribu tena. Hewa.

Nyuma yangu mwenye nyumba akakohoa. Alikohoa vizuri, kwa adabu, mara moja tu, kama alivyofundishwa na mama yake, kisha akaziba mdomo kwa kiganja kana kwamba amevunja kitu kingine.

Tulingoja.

Ndani, shangazi akakohoa. Hakikuwa kikohozi cha mgonjwa. Kilikuwa kirefu, kimejaa, cha mwenyeji anayemwambia mgeni: pana mtu, ngoja zamu yako. Fimbo ikagonga sakafu. Mlango ukafunguka na mguu wa kulia ukatangulia kizingiti, kisha fimbo, kisha yeye mzima, jasho usoni, khanga imekaa vizuri.

Alivuka ua hadi alipokuwa mwenye nyumba, akasimama avute pumzi.

"Tausi wako kapata mkunjo mkiani, bhai," alisema.

Mwenye nyumba alitoa kiganja mdomoni. "Uzee, dada."

"Ehee. Uzee."

Akaendelea na safari yake, fimbo, mguu, fimbo, mguu, hadi chumbani. Mwanawe alikwenda garini, akarudi na furushi.